Vyuma Vitatu vya Bamvua

Simulizi ya wikiendi: sehemu ya kwanza

Mjomba hakunionyesha vile vyuma mara nilipofika. Aliniacha kwanza nile, ninawe, niulizwe habari za mjini na kila mwenye mdomo.

Ndivyo alivyo. Mtu wa maji hana pupa; anajua maji yana saa zake.

Usiku, watoto wamelala, akanigusa bega. "Mpwa wangu, wewe umeona mengi. Njoo uone na haya."

Wewe ungekataa?

Basi twende sote. Ila nikuombe jambo moja, msomaji wangu: hesabu vyuma. Vilikuwa vitatu. Usipoteze hesabu kama nilivyoipoteza mimi, kwani hesabu ile nusura itu... Hapana. Tusifike huko. Hata chai haijachemka.

Kwanza unijue. Mimi ni fundi cherehani, Temeke. Delta ya Rufiji nilikwenda kwa kazi na kwa undugu: binti ya Mjomba alikuwa anaolewa Ijumaa, na sare za akina mama 22 zilikuwa bado jora. Nikafunga cherehani ya mkono, mkasi, na futi yangu ya kupimia. Ile ya utepe, inchi upande huu, sentimita upande ule.

Hiyo futi itie mfukoni. Tutaihitaji.

Kutoka Nyamisati unapanda boti. Mto Rufiji ukikaribia bahari huwa kama mzee aliyesahau njia ya nyumbani: unagawanyika, unajipinda, unarudi, unagawanyika tena. Pande zote mikoko. Chini ni tope la kukumeza mpaka goti. Na mamba ambaye kila mgeni humwita gogo, mpaka gogo lipige mbizi.

Kitu kimoja huwezi kukiona kule, hata ulipwe: jiwe. Delta nzima ni tope lililoletwa na mto. Ukiliona jiwe, ujue limepanda boti kama wewe.

Na hilo nalo lishike. Leo nakupa mizigo mingi, najua. Nitakupokea mbele.

*

Vilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya turubai kuukuu la kuanikia uduvi.

"Umevitoa wapi?"

"Bamvua lililopita."

Wa pwani ameshaelewa. Wewe wa bara nikudokeze: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hujaa kupita kiasi, halafu hupwa kupita kiasi. Siku hizo mto huonyesha mbavu. Vitu ambavyo mwaka mzima huvioni vinatokeza, vinapunga hewa saa mbili tatu, kisha maji yanavifunika.

Mjomba alikuwa anavuta jarife kwenye kona moja ya mto, mbali kidogo na Salale. Wavu ukashika. Akadhani kisiki. Akatia mkono topeni, mkono ukagusa kitu cha mviringo.

Hicho ndicho chuma cha kwanza: pete. Pete kubwa lakini, ya kuvaliwa na jini, upana wake kama sinia dogo la chai. Nzito, ya kijani kwa ukungu wa shaba, na masikio mawili yametokeza pembeni.

Chuma cha pili: bomba. Mdomo wazi, kitako kimezibwa, refu kupita mkono wangu kutoka kiwiko hadi kidole. Nalo la shaba. Bibi alishaanza kulipigia hesabu la kutilia maua siku ya harusi.

Chuma cha tatu...

Cha tatu sikukipenda. Sina sababu. Kilikuwa kinene, kifupi, kimechongoka juu, kimevaa kutu na magamba ya chaza kama koti. Watu wawili walikitoa mtumbwini kwa kubadilishana lawama. Karibu na kitako kilizungukwa na mkanda, na pale watoto walipousugua kwa mchanga mkanda ulitoa wekundu. Wekundu wa kupendeza kabisa.

"Dhahabu," akanong'ona Mjomba.

"Shaba nyekundu, Mjomba."

"Hujui."

Kweli, sikujua. Na hapa nikuambie siri ambayo si siri: ukitaja "mali ya Mjerumani" kijijini, watu husikia dhahabu. Sio wajinga. Mwaka 1916, kule Tabora, Wajerumani walifua kweli sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, na walizifulia kwenye karakana ya reli. Tangu hapo Tanganyika nzima haijalala. Mashimo mangapi yamechimbwa chini ya mibuyu usiku wa manane kwa sababu ya tembo yule?

Ila Tabora na Rufiji hazipakani. Na dhahabu haioti kutu.

Kijiji kilikuwa na majibu yake. Pete ni pingu ya zimwi la mto. Bomba ni kinu cha Sultani. Cha tatu, mzee mmoja alisema, ni yai. Yai la nini, hakusema. Akaondoka zake akitikisa kichwa.

Lakini mwenye jibu lililowapendeza wengi alikuwa mtu wa skrepa. Huyu huzunguka vijito na boti yake na mizani yake ya ndoano, akinunua chuma chakavu kwa kilo. Alishaviona. Alishaahidi kurudi Ijumaa maji yakijaa. Pete na bomba angevipima vilivyo. Cha tatu angeanza na ule mkanda mwekundu.

"Anautoaje?" nikauliza.

"Patasi na nyundo," akasema Mjomba.

Ilikuwa Jumatano usiku. Hesabu siku.

*

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimetandika khanga uani nikikata sare, mtoto wa mwisho wa Mjomba akaja kukaa karibu. Ana miaka 7. Wiki nzima alikuwa amefanya kile chuma cha tatu farasi wake. Anakipanda, anakichapa, anakisafirisha mpaka Mafia na kurudi.

Akanyoosha mkono kuchukua kipande cha kitambaa. Vidole vyake vilikuwa vya manjano.

"We!" nikamtania. "Harusi kesho, wewe leo umeshazama kwenye viungo vya pilau?"

Akaficha mikono nyuma. Nikacheka, nikaendelea kukata.

Nilicheka, msomaji wangu. Andika hapo.

Mchana nikapanda kichuguu cha nyuma ya msikiti. Kijiji kizima kinakijua kichuguu hicho, kwa sababu ndipo mtandao unapotua mara nyingi, na hutua kama ndege mwoga. Ukikohoa unaruka.

Nikatuma picha tatu kwa mwalimu wangu wa historia wa sekondari. Amestaafu, anakaa Mbagala, na hajaacha tabia ya kujibu swali kwa swali.

"Shikamoo mwalimu. Vyuma hivi ni nini?"

Nusu saa. Kisha: "Marahaba mwanangu. Wewe unaona nini?"

Ungekuwa wewe, usingetupa simu mtoni?

Akaanza na pete. Ina matundu ya skrubu kuzunguka ukingo? Nikatazama: ndiyo. Yale masikio, moja lina bawaba? Ndiyo. Ndani kuna mfereji mwembamba kuzunguka, kama wa kushikia kioo?

Nikapitisha ukucha. Ndiyo.

"Basi ni dirisha," akaandika. "Dirisha la meli. Sasa sugua kwenye bawaba, uniambie ni meli ya nani."

Bibi akanipa ndimu na majivu, dawa ya shaba tangu enzi na enzi. Nikasugua. Ukijani ukalia, ukachuruzika, na polepole kikatokeza kitu kidogo kama ukucha wa kidole gumba.

Taji. Na chini ya taji, herufi moja: M.

Uani pakachangamka. "M ya Mtume!" "M ya Mkwawa!" "M ya Maji Maji!" Hiyo ya mwisho iliungwa mkono na wengi, maana vita vile vya 1905 viliwashwa Umatumbi, si mbali na hapa, na Rufiji iliviona kwa macho.

Nikapanda kichuguu mbio. Jibu la mwalimu lilikuwa fupi.

"M ya Marine. Jeshi la maji la Kaizari. Sasa pima mdomo wa bomba."

Futi ile. Unayo bado mfukoni?

Nikaiweka kwenye mdomo wa bomba, kutoka ukuta wa ndani hadi ukuta wa ndani. Sisi mafundi wa Temeke tunapima kwa inchi, kwa hiyo nikasoma inchi: nne na kipande kidogo kisicho na jina. Nikamwandikia hivyo.

"Geuza futi," akajibu.

Nikageuza. Sentimita 10 na nusu. Kamili, kana kwamba bomba lilishonwa kwa futi yangu.

"Mwanangu," akaandika, "aliyetengeneza kitu hicho alifikiri kwa sentimita. Hilo ni ganda la kombora la mzinga wa sentimita 10.5. Mto huo uliwahi kuwa na meli moja yenye mizinga 10 ya kipimo hicho. Muulize bibi yako kama aliisikia."

*

Bibi alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua macho.

"Bibi, marehemu baba yako aliwahi kukusimulia habari za meli ya Mje..."

"Manowari na bomba tatu," akasema.

Ungo ukatulia.

Nataka ujue alivyolisema. Hakulisema kama mtu anayekumbuka kitu alichosoma. Alilisema kama jina la jirani.

Meli yenyewe Wajerumani waliiita Königsberg. Iliteremshwa majini huko Kiel Desemba 1905, wakati huku kwetu Maji Maji inawaka. Ilipofika Dar es Salaam katikati ya 1914 watu walitazama yale mabomba matatu ya moshi, wakaipa jina lao. Mwezi Agosti vita vikazuka. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, ikaingia Zanzibar na kuikuta manowari ya Uingereza, Pegasus, imetia nanga, mitambo imefunguliwa inatengenezwa. Ikaipiga mpaka ikazama.

Halafu yenyewe ikaharibika mitambo. Mtu akishapiga na kujeruhiwa anafanya nini? Anajificha. Ikaingia delta.

"Baba alikuwa kijana," akasema Bibi. "Walikata matawi ya mikoko wakaivika meli, ukiwa mbali unaona msitu. Na vile vyuma vya tumboni vilivyovunjika wakavipandisha kwenye mikokoteni, watu wakavutishwa kamba mpaka Dar es Salaam vikatengenezwe. Kisha wakavivuta kuvirudisha."

Akaonyesha bega lake mwenyewe, kana kwamba kamba ilipita pale.

Waingereza walijua iko humu, ila manowari zao kubwa zilihitaji kina. Wangekwama topeni kama ng'ombe. Miezi ikapita. Ndipo wakaleta vyombo viwili vya ajabu kutoka Malta, Severn na Mersey. Vilikuwa vimetengenezwa kwa ajili ya Brazili, vikapige doria mto Amazon, tumbo bapa kama sinia. Vita vilipokuja Uingereza ikavichukua. Chombo kilichozaliwa kwa ajili ya Amazon, kikaja kuwindia Rufiji!

Tarehe 6 Julai 1915 wakaingia mtoni. Ndege iliyoruka kutoka Mafia ikazunguka juu kuwaelekeza shabaha. Wakafyatua makombora zaidi ya 600 siku hiyo.

Umesikia? Zaidi ya 600. Na meli haikufa.

Wakarudi tarehe 11. Safari hii wakaipata. Nahodha wake, Max Looff, aliyekuwa amejeruhiwa, akaamuru meli itobolewe kwa baruti ya torpedo zao wenyewe. Ikakaa kitako topeni. Baadaye mizinga yote 10 ikang'olewa, ikatiwa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Mmoja ukienda Mombasa utaukuta Fort Jesus, umekaa kimya kama mzee wa baraza.

Na sehemu ninayoipenda kuliko zote: mwaka 1924 haki ya kuokota vyuma vya meli hii ilinunuliwa na John Ingle. Ni nani? Nahodha yule yule wa Pegasus, aliyezamishiwa meli yake Zanzibar! Akaleta wazamiaji wakatoa shaba. Kwa hiyo mtu wa skrepa wa kwanza Rufiji alikuwa nahodha mwenye kisasi, na wenzake waliendelea kumega mpaka miaka ya 1960, mabaki yakazama kwenye tope.

Nilimsimulia Mjomba. Akashusha pumzi. Dirisha la Königsberg, ganda la Königsberg. Fumbo limefumbuliwa.

"Tuwapelekee watu wa makumbusho," nikasema. "Hivi vyuma si vya kilo."

"Sawa. Baada ya harusi."

Tukaagana kulala. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

Umehesabu lakini?

Viwili, msomaji wangu. Nilikuwa nimevitambua viwili.

*

Wala si kwamba nilikisahau kabisa. Jioni ile ile, kabla ya kulala, nilikizungushia futi kile kinene pale chini kidogo ya mkanda. Kupima kiuno ndiyo kazi yangu. Nimepima viuno vya kila aina. Sentimita 48. Nikamtumia mwalimu, ujumbe ukakataa kwenda, nikaiweka simu mfukoni.

Ijumaa nikaamka kumeshachangamka. Ngoma, vigelegele, watoto wa watu nisiowajua. Nilikuwa bado na vifungo vya sare nne. Saa nne asubuhi nikapata upenyo, nikapanda kichuguu.

Ujumbe ukaenda. Jibu likaja hapo hapo, jambo ambalo mwalimu hajawahi kulifanya tangu nimjue.

"Gawa kwa 3.14."

Nikagawa kwenye simu. Sentimita 15 na kipande kisicho na jina.

Moyo wangu ukafanya kitu kidogo. Nilishajua atakachosema.

"Geuza futi."

Inchi 6. Kamili.

Kimya. Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena.

"Königsberg haikuwa na mzinga wa inchi 6. Hicho si cha meli."

"Ni cha nani?"

"Cha waliokuja kuiua. Severn na Mersey, kila moja ilikuwa na mizinga miwili ya inchi 6. Hicho ni kombora la Mwingereza, karibu kilo 45."

Nikayakumbuka yale 600.

Tope la delta ni laini kama uji. Kombora likitua humo linaweza kuzama zima zima bila kukutana na kitu kigumu cha kuliamsha.

"Nijibu moja tu," akaandika. "Ule mkanda mwekundu: ni laini, au una mistari ya kulala? Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojipinda. Kombora likifyatuliwa mkanda wa shaba unachongwa na mifereji hiyo. Ukiwa laini, halikufyatuliwa. Ukiwa na mistari, lilifyatuliwa, likafika, na halikulip..."

Mtandao ukaruka.

Nikajaribu kukumbuka. Laini? Mistari? Niliupima na nisiutazame! Fundi gani huyo?

Na hapo ndipo nikasikia, kutoka dikoni:

Keng!

Maji yalikuwa yamejaa. Ilikuwa Ijumaa.

Keng! Keng!

Patasi na nyundo.

*

Sijui nilishukaje kichuguu. Nilikanyaga jamvi la watu, nikavuka kamba ya mbuzi, mtu akaniita kwa jina nikamwacha na jina lake. Kila nyundo ilipolia nilifumba macho nikikimbia, na kila nilipofumbua nilishangaa kuwa bado nina miguu.

Keng!

Nikafika dikoni napiga kelele: "Acha! Acha! Usigonge!"

Mtu wa skrepa akageuka, nyundo juu. Miguuni pake kulikuwa na gurudumu la mashine ya kukoboa mpunga, bovu, nusu limeshavunjwa.

Mashine ya kukoboa mpunga.

Nilikaa chini mchangani. Nilicheka mpaka akaniogopa.

"Kaka, vipi?"

"Kile chuma kinene... usikiguse. Nitakueleza."

"Kipi, kile chenye mkanda? Nikiguse wapi?" Akaweka nyundo chini, ana uso wa mtu aliyeonewa. "Nimepita kwa mjomba wako tangu saa mbili. Chini ya turubai kuna pete na bomba tu. Nikadhani mmeshauza kwa mwingine."

Kicheko kikakatika.

Kilo 45 haziondoki zenyewe. Nani anakihitaji kitu kizito, kigumu, kisichoungua, asubuhi ya harusi?

Nakurudishia mzigo niliokupa mwanzo. Delta haina mawe.

Nikainuka. Sikukimbia sasa; magoti yalikataa. Nikatembea kuelekea uani, kule moshi ulikotoka, kule akina mama walikokuwa wanaimba. Sare zangu zinameremeta. Nimezishona mimi, nawajua wote kwa vipimo vyao.

Katikati yao, sufuria la msikiti, lile la kilo 30 za mchele. Sufuria kubwa hivyo linataka mafiga makubwa. Figa la kwanza, tofali za saruji mbili zimepandanishwa. La pili, hivyo hivyo.

La tatu limelazwa ubavu, limevaa kutu na magamba ya chaza, ncha yake imenielekea mimi.

"Tofali zilipungua," akasema Bibi kwa furaha aliponiona. "Mume wangu, umekuja kuonja?"

Moto ulikuwa umewashwa tangu saa tatu.

Nikainama. Ule mkanda ulikuwa upande wa kwangu, umeng'arishwa na mchanga wa watoto. Na juu yake mistari. Mingi, sawasawa, yote imelala upande mmoja. Sisi mafundi tuna neno lake: mshazari.

Simu ikatikisika mfukoni. Ule ujumbe uliokwama, na mwingine nyuma yake.

"...halikulipuka. Baruti ya makombora hayo mengi iliitwa laiditi, asidi ya pikriki. Ikikaa na chuma miaka mingi huzaa chumvi zisizovumilia kugongwa wala joto. Na ikivuja utaijua: hutia ngozi rangi ya manjano isiyotoka kwa sabuni. Tazama mikono ya waliokishika."

Nikainua kichwa taratibu.

"Bibi, kwenye pilau umetia manjano?"

Akaniangalia kama niliyetukana. "Pilau ya wapi hiyo inayotiwa manjano?"

Nyuma ya sufuria kuni zilikuwa zinafuka. Mtoto wa mwisho wa Mjomba alikuwa amechuchumaa hapo, mashavu yamejaa, anapuliza moto. Mkono mmoja ameuegemeza juu ya farasi wake.

Ndipo chini ya sufuria kitu kikalia: tss.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

Wakati unasubiri, nikuombe: kama kwenu kuna chuma cha namna hii, kinazuia mlango au kinasagia dawa, usikigonge, usikisogeze, usikitie motoni. Ondoa watoto, uite polisi. Mimi, naam, nipo. La sivyo nani angekuandikia haya? Lakini usijipe moyo haraka. Pale uani tulikuwa watu zaidi ya 30, na leo nimekuhakikishia mmoja tu.